Ufizi unaotoa damu: Kwa nini 'dawa ya kiseyeye' haiponyi, na tiba yenyewe ni ipi

KATIKA maduka ya dawa yaliyo kandokando ya barabara ya Magongo, eneo la Changamwe mjini Mombasa, si ajabu kumsikia mteja akiomba "dawa ya kiseyeye". Anachokusudia ni kwamba kila apigapo mswaki asubuhi mate yake hugeuka mekundu, au akiuma embe huliachia alama ya damu.

Muuzaji humpa vidonge vya vitamini C, au chupa ya dawa ya kusukutulia, na wakati mwingine vidonge vya kuua viini. Mteja hulipa, hutumia kwa siku chache, na damu ikipungua hudhani amepona. Wengine hujiongezea tiba ya pili ambayo ni mbaya kuliko maradhi yenyewe: huacha kupiga mswaki mahali panapotoa damu, wakiamini kwamba mswaki ndio unaowajeruhi.

Miaka kadhaa baadaye mtu huyo huyo huketi kwenye kiti cha daktari akiwa na jino linalocheza, akistaajabu kwamba jino lenyewe halikuwahi kuoza wala kumnyima usingizi. Ni jino zima, halina tundu, lakini linang'oka kama nguzo iliyochimbuliwa udongo wake.

Kati ya duka la dawa na jino hilo pana ugonjwa wa fizi, maradhi ambayo huenda ndiyo yaliyoenea zaidi vinywani mwa Wakenya na ambayo huzungumzwa kidogo mno. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa mwaka 2015 ulibaini kwamba takriban asilimia 98 ya watu wazima waliopimwa walikuwa na ufizi unaotoa damu. Waliokuwa na meno yaliyooza, tatizo ambalo kila mtu hulijua, walikuwa karibu thuluthi moja tu.

Kwa upande wa dunia nzima, ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni moja wana ugonjwa wa fizi uliofikia kiwango kibaya.

Jambo linapompata karibu kila mtu, watu huacha kuliita ugonjwa. Huliona ni maumbile, au dalili ya uzee. Hata hivyo, ufizi wenye afya hautoi damu unaposuguliwa kwa mswaki, awe mwenyewe ni mtoto wa miaka kumi au mzee wa miaka themanini.

Kiseyeye chenyewe ni nini?

Neno kiseyeye lina maana yake halisi, na maana hiyo inahusu Mombasa kwa namna ambayo wengi hawaijui. Kiseyeye ni maradhi ya kukosa vitamini C. Mwili usiopata vitamini hiyo kwa muda wa miezi hushindwa kutengeneza nyuzi zinazoshikanisha nyama, ngozi na mishipa ya damu. Miguu huvimba, vidonda vya zamani hufunguka, fizi hufura na kuvuja damu, na mwishowe mgonjwa hufa.

Mabaharia wa Ureno waliokuwa na Vasco da Gama walifika Mombasa mwezi Aprili mwaka 1498, baadhi yao wakiwa wameshaugua maradhi hayo njiani. Shajara ya safari hiyo inaeleza kuwa mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa, malimau na machungwa kwa wingi, na kwamba wagonjwa walipata nafuu wakiwa hapo. Mwandishi wa shajara alisifu hali ya hewa ya mji. Hakuyafikiria machungwa.

Walipokuwa wakirejea kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu wapatao 30 wakafa. Fizi za waliobaki zilikuwa zimefura hadi zikafunika meno wasiweze kula. Walipotia nanga Malindi mwezi Januari mwaka 1499, kitu cha kwanza walichowatafutia wagonjwa kilikuwa machungwa. Ilichukua karne mbili na nusu kabla ya daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, kuwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili mwaka 1747, kila wawili kwa tiba yao, na kuona kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi.

Kiseyeye cha aina hiyo hakijatoweka kabisa. Kati ya mwaka 2017 na 2018 kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa vijana wa Sudan Kusini waliokuwa wakiishi kwa posho ya nafaka bila mboga wala matunda.

Lakini mkazi wa Changamwe anayekula sukuma wiki jioni, anayekamulia ndimu muhogo wake wa kukaanga, na anayenunua embe kwenye mkokoteni, hana upungufu huo. Hata ubuyu una vitamini C kwa wingi kuliko chungwa ukilinganisha uzito kwa uzito, ingawa mabuyu ya Mombasa yaliyopakwa rangi na sukari hayawezi kupendekezwa na daktari yeyote wa meno.

Kwa hiyo damu inayoonekana kwenye mate ya watu wengi wa leo haitokani na kukosa machungwa. Vidonge vya vitamini haviwezi kuizuia kwa sababu chanzo chake ni kingine kabisa, nacho kimeshika kwenye jino.

Ukoga ndio chanzo

Mtu akipitisha ulimi juu ya meno yake kabla ya kupiga mswaki asubuhi, atahisi utando laini wenye utelezi. Huo ndio ukoga. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula, ilhali kwa sehemu kubwa ni bakteria walio hai, mamilioni kwa mamilioni, waliojijengea makao na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Hujikusanya hasa pale jino linapokutana na ufizi, mahali ambapo ulimi na shavu haviwezi kupangusa.

Ukoga ukikaa hapo kwa siku kadhaa, sumu zinazotolewa na bakteria hao huuchokoza ufizi. Mwili hujibu kwa kupeleka damu na askari wake wa kinga mahali hapo. Mishipa midogo hutanuka, ufizi huwa mwekundu na kuvimba, na ngozi yake ya ndani huwa nyembamba kiasi cha kuchubuka kwa kuguswa tu. Mswaki ukipita, damu hutoka. Mswaki haukumjeruhi mtu. Umefichua kidonda kilichokuwapo.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa jaribio rahisi lililochapishwa mwaka 1965 na Profesa Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus, nchini Denmark. Watu 12 wenye fizi safi, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, walitakiwa kuacha kabisa kusafisha meno yao. Baada ya siku 10 hadi 21, kila mmoja wao alikuwa na ufizi uliovimba. Kisha wakaruhusiwa kurudia mswaki. Kwa muda wa wiki moja hivi fizi zao zilikuwa zimerudi katika hali yake ya kwanza, bila kidonge hata kimoja.

Jaribio hilo linastahili kukumbukwa na kila anayeogopa kugusa ufizi unaotoa damu. Katika hatua hii ya kwanza ugonjwa huondoka wote, na ufizi hauachi hata kovu. Atakayesafisha vizuri mahali panapotoa damu, asubuhi na usiku kwa siku 10 au wiki mbili mfululizo, ataona damu ikipungua kisha ikikoma. Isipokoma, hapo pana jambo ambalo mswaki hauwezi kulifikia.

Ukoga unapogeuka jiwe

Ukoga usioondolewa haubaki laini. Madini yaliyomo katika mate huufanya ugande na kuwa mgumu kama gamba la chaza kwenye nguzo ya gati. Kazi hiyo huanza baada ya siku chache tu, na kwa kawaida huonekana zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na mahali mate yanapotokea. Ukishakuwa mgumu, hakuna mswaki, chumvi, mkaa wala dawa ya meno itakayouondoa. Ukoga mgumu wenyewe si sumu kali, lakini uso wake una mikwaruzo ambayo ukoga laini hujishika juu yake kwa urahisi, hivyo ufizi haupati nafasi ya kupona.

Katika baadhi ya watu, ugonjwa huishia hapo kwa miaka mingi. Katika wengine huvuka mpaka na kuingia hatua ya pili, ambayo ndiyo ya hatari.

Kati ya jino na ufizi pana mfereji mdogo ambao kina chake, kwa mtu mzima wa afya, ni milimita moja hadi tatu. Uvimbe ukidumu, ufizi huachana na jino na mfereji huo hugeuka kijifuko cha milimita nne, tano, hata zaidi. Ukoga hushuka humo, mahali pasipofikiwa na mswaki wala hewa, na bakteria wapendao giza hustawi.

Mwili huendelea kupigana nao, na vita hivyo huteketeza mali ya mwenye mwili. Nyuzi zinazoliunganisha jino na taya hukatika, na mfupa unaoushika mzizi huliwa pole pole kuanzia juu kwenda chini. Mfupa huo ukiisha haurudi wenyewe.

Haya yote hufanyika kwa kimya. Jino lililooza hupiga kelele usiku kucha na kumlazimisha mtu kutafuta msaada, lakini ugonjwa wa fizi unaweza kula nusu ya mfupa bila maumivu yoyote. Dalili zake ni za kunong'ona: damu, harufu ya kinywa isiyokwisha, ladha mbaya, meno yanayoonekana kurefuka kwa kuwa ufizi umeshuka, mianya inayofunguka baina ya meno ya mbele, na usaha unaotoka ufizi ukibonyezwa. Jino kucheza ni dalili ya mwisho, wala si ya kwanza.

Nani yuko hatarini zaidi?

Ikiwa karibu kila mtu ana ufizi unaotoa damu, mbona si kila mtu hupoteza meno? Swali hili lilichunguzwa hapa hapa Kenya. Watafiti Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji waliwapima watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika wilaya ya Machakos, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1988. Ukoga na damu vilikuwa vimeenea mno. Lakini uharibifu mkubwa wa kinachoshikilia meno haukugawanyika sawa: sehemu kubwa ya madhara ilikuwa katika vinywa vya kundi dogo la watu katika kila rika.

Matokeo hayo yalisaidia kuivunja dhana ya zamani kwamba Mwafrika mwenye ukoga lazima azeeke akiwa kibogoyo. Pia yalionyesha umuhimu wa kuwatambua mapema wale ambao miili yao hushindwa na ugonjwa huu.

Tumbaku ndiyo inayoongoza kwa madhara yanayoweza kuepukika, iwe ya kuvuta au ya kutafuna ndani ya tambuu. Sigara ina hila nyingine: hubana mishipa midogo ya damu, kwa hivyo ufizi wa mvutaji huweza kuonekana mkavu, usiotoa damu, huku mfupa chini yake ukiteketea. Mvutaji anapoacha, fizi zake huenda zikaanza kutoa damu kwa mara ya kwanza. Hiyo ni ishara kwamba damu imeanza kufika tena, na haipaswi kumrejesha kwenye sigara.

Kuhusu miraa na muguka, ambao serikali ya kaunti ya Mombasa ilitangaza kuupiga marufuku mwezi Mei mwaka 2024 kabla ya suala hilo kufikishwa mahakamani, matokeo ya tafiti za fizi yanatofautiana. Lisilo na ubishi ni kwamba utafunaji hukausha kinywa, huchubua upande unaowekwa majani, na mara nyingi huandamana na sigara, peremende na soda. Dereva wa trela anayekesha akisubiri kontena Kipevu, akitafuna usiku kucha na kulala alfajiri bila kupiga mswaki, amejikusanyia yote hayo kwa pamoja.

Ugonjwa wa kisukari unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu uhusiano wake na fizi ni wa pande mbili. Sukari isiyodhibitiwa hudhoofisha kinga na kufanya mfupa uliwe kwa kasi. Nao uvimbe wa fizi huufanya mwili usiitikie vyema insulini, hivyo sukari hupanda. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa mgonjwa wa kisukari anayetibiwa fizi hupunguza kipimo chake cha sukari ya miezi mitatu kwa takriban nukta 0.4 za asilimia. Ni kiasi kidogo kwa kusikika, lakini hakiko mbali sana na kile ambacho baadhi ya wagonjwa hukipata kwa kuongezewa kidonge cha pili. Kwa sababu hiyo mtu ambaye fizi zake hupata majipu mara kwa mara bila sababu inayoeleweka hushauriwa apime sukari.

Wajawazito nao huvimba fizi kwa sababu homoni huufanya mwili ushtuke zaidi kwa ukoga ule ule. Ile kauli kwamba kila mimba huondoka na jino haina msingi. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito si hatari, na miezi ya katikati, wa nne hadi wa sita, ndiyo yenye raha zaidi kwa mama kuketi kwenye kiti cha daktari.

Zipo pia dawa zinazofanya fizi zikue na kufunika meno, zikiwemo fenitoini ya kifafa na nifedipini ya shinikizo la damu. Mgonjwa anayeona hivyo amweleze daktari aliyempa dawa. Asiziache mwenyewe.

Mti uliokipa jina kifaa

Watu wa pwani walijua kuusafisha ufizi kabla ya dawa ya meno kufika dukani. Neno lenyewe mswaki, kabla ya kuwa jina la kifaa cha plastiki, lilikuwa jina la mti na kijiti chake, na hadi leo wapo wanaokitafuna na kukitumia kabla ya sala na hasa katika mwezi wa Ramadhani. Shirika la Afya Duniani limewahi kuunga mkono matumizi yake mahali ambapo ni desturi, na tafiti zimeonyesha kwamba anayejua kukitumia hupunguza ukoga vyema.

Kasoro yake ni kwamba wengi husugua sehemu za mbele zinazoonekana na kusahau nyuma ya magego. Aidha, kijiti hakina madini ya floraidi yanayozuia kuoza, hivyo ni busara kukitumia pamoja na dawa ya meno yenye floraidi.

Awe na kijiti au plastiki, msafishaji anatakiwa kulenga mpaka wa jino na ufizi. Mswaki uwe laini, na nyuzi zake zielekezwe mshazari kwenye ufizi, kisha utikiswe kwa miendo mifupi, meno mawili matatu kwa wakati mmoja, nje na ndani, kwa muda usiopungua dakika mbili. Kusugua kwa nguvu kama anayekwangua sufuria hakuondoi ukoga zaidi. Hukwangua ufizi na kuacha mizizi wazi. Mkaa, majivu na chumvi ya mawe huleta madhara hayo hayo.

Mswaki hauingii katikati ya meno, na huko ndiko ugonjwa huanzia mara nyingi. Uzi wa meno au kile kibrashi chembamba cha kupitisha kwenye mianya hufanya kazi hiyo. Kinachotakiwa ni kukitumia mara moja kwa siku, ikiwezekana usiku kabla ya kulala.

Kinachofanyika kwenye kiti cha daktari

Mgonjwa anapofika, daktari huchukua kifaa chembamba chenye alama za milimita na kukipitisha taratibu kuzunguka kila jino ili kupima vijifuko. Penye shaka hupigwa picha ya eksirei inayoonyesha mfupa uliobaki. Bila vipimo hivyo, hakuna anayeweza kusema ugonjwa umefika wapi.

Tiba ya kwanza ni kukwangua ukoga mgumu kwa vyuma vya mkono au kwa mashine inayotetemeka na kurusha maji. Ukoga ulio chini ya ufizi, ndani ya vijifuko, huondolewa kwa sindano ya ganzi, na kazi hiyo huweza kugawanywa katika ziara mbili au zaidi. Baada ya wiki sita hadi miezi mitatu vijifuko hupimwa tena. Vingi huwa vimepungua kina kwa sababu ufizi usio na uvimbe hujikaza na kulishika jino. Vikibaki virefu, daktari bingwa wa fizi anaweza kuufunua ufizi kwa upasuaji mdogo ili kusafisha mzizi kwa macho.

Hapa ndipo lilipo lalamiko ambalo limewakimbiza watu wengi hospitalini: kwamba kukwanguliwa meno kunayalegeza na kuyatenganisha. Lalamiko hilo halitokani na uzushi mtupu. Mtu huingia akiwa na meno yaliyoshikana na kutoka akiwa na mianya, meno yakiuma kwa maji baridi, mengine yakicheza zaidi ya jana. Anayeona hivyo ana haki ya kuuliza.

Jibu ni kwamba mianya ilikuwapo. Ufizi na mfupa vilishaondoka zamani, na ukoga mgumu ukajaza pengo hilo na kuyafunga meno pamoja kama chokaa kati ya mawe. Ukishaondolewa, hali halisi huonekana. Uvimbe nao unapokwisha, ufizi husinyaa na sehemu ya mzizi hubaki wazi, ndiyo sababu ya ule ubaridi ambao kwa kawaida hutulia baada ya wiki chache. Ukoga mgumu ukiachwa ushike meno leo, mfupa uliobaki chini yake utaendelea kuliwa mpaka hata ukoga wenyewe ushindwe kuyashika. Tabibu ambaye hamwelezi mgonjwa haya kabla ya kuanza kazi, na wapo, humfanya arudi nyumbani akiwaonya majirani wasiende.

Vidonge vya kuua viini si badala ya kukwangua. Bakteria waliojifunika kwa ute wao hawafikiwi vizuri na dawa inayopita kwenye damu, na hata wachache wakifa, ukoga mgumu hubaki palepale ukisubiri wengine. Metronidazoli na amoksilini zina nafasi yake katika hali maalumu ambazo daktari huzitambua, lakini kuzinunua kila damu inapotoka ni kupoteza fedha na kuwafunza viini usugu.

Dawa za kusukutulia zenye klorheksidini husaidia kwa wiki moja au mbili, hasa baada ya upasuaji. Zikitumiwa kwa miezi, huyatia meno madoa ya kahawia, wala hazifiki chini ya kijifuko. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo hutuliza ufizi na hayana madhara, lakini hayatibu.

Kwa mkazi wa Changamwe, hospitali ya umma iliyo karibu ni ile ya Port Reitz, ambako anaweza kuulizia huduma za kinywa, na rufaa kubwa hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani. Si lazima kila mara kumwona daktari bingwa. Maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wanaofunzwa katika chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC wana ujuzi wa kukwangua ukoga na kufundisha usafi. Mgonjwa afikapo aseme wazi kwamba angependa fizi zipimwe na meno yasafishwe, kwa sababu katika vituo vingi vya umma anayekaa kimya huenda akahudumiwa jino linalouma tu, na huduma hiyo mara nyingi ni kung'oa.

Jino linalocheza halimaanishi lazima ling'olewe. Likiwa bado lina mfupa wa kutosha, linaweza kutulia baada ya kusafishwa, au likafungwa pamoja na majirani zake ili lisitikisike wakati wa kutafuna. Anayetibiwa hatua hii ya pili atahitaji kurudi kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa miaka, kwa kuwa vijifuko hujaa tena. Haponi kwa maana ya kusahau. Anaishi na ugonjwa uliotulizwa, kama anavyoishi mtu wa shinikizo la damu.

Ipo hali moja isiyongoja miadi. Ufizi au shavu likivimba ghafla kwa jipu, mtu akapata homa, akashindwa kufungua kinywa, kumeza mate au kupumua vizuri, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu usaha huo unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa.